Mwana wa Mfalme Aliyejua Kurudi Nyuma

1. Milima yetu na milima ya theluji

Mtu akisimama Runingu wakati wa asubuhi na kutazama mashariki, huona bonde la Ruzizi, na ng'ambo ya mto huona milima ya Burundi. Akigeuka nyuma, huona milima ya Mitumba imesimama juu ya mashamba na nyumba zetu. Milima hiyo yatufaa sana, kwa maana yatuletea maji ya kunywa na ya kunyweshea mashamba. Lakini kila mtoto wa huku ajua pia kwamba mvua ikinyesha siku nyingi, udongo hulegea, mawe huteremka, na mito hufurika. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulijaa ghafula mjini Uvira. Maji na mawe vilibomoa nyumba nyingi, na watu wengi walikufa.

Basi, huku kwetu mlima huporomosha udongo, maji na mawe. Katika nchi za baridi mlima huporomosha theluji. Ninyi mmeona mvua ya mawe, jinsi inavyopiga mabati na kuumiza majani ya migomba. Theluji si ngumu kama mvua ya mawe. Ni nyeupe na laini, nayo huanguka polepole kama unga wa muhogo unaopepetwa. Mtu aionaye mara ya kwanza hudhani kwamba kitu chepesi kama hicho hakiwezi kumdhuru mtu. Kumbe, theluji nyingi ikiporomoka mlimani, huvunja miti mikubwa na kufunika nyumba pamoja na watu waliomo.

Leo tutasoma habari za mtu mmoja aliyepanda milima ya theluji katika pande nyingi za dunia, hata hapa Afrika, katika mlima wa Ruwenzori ulio mpakani mwa Kongo na Uganda. Jina lake lilikuwa Luigi Amedeo wa Savoia. Walimwengu walimsifu kwa sababu ya vilele alivyovifikia. Sisi tutatazama zaidi kilele kimoja ambacho hakukifikia.

2. Utoto wake

Luigi Amedeo alizaliwa Madrid, mji mkuu wa Hispania, tarehe 29 Januari 1873. Baba yake alikuwa Mwitalia, lakini wakati ule alikuwa mfalme wa Hispania. Ufalme wake haukudumu. Mtoto alikuwa na majuma mawili tu, baba yake alipoacha kiti cha enzi na kurudi Italia pamoja na jamaa yake. Luigi alipokuwa na umri wa miaka mitatu, mama yake akafa. Hivyo yule mwana wa mfalme alianza maisha yake bila ufalme na bila mama.

Angali mtoto mdogo akatiwa katika jeshi la bahari. Huko alijifunza kuamka mapema, kufunga kamba, kusoma nyota na kutii amri. Mabaharia hawakai wakibembelezana. Bahari ikichafuka, kila mtu hushika kazi yake, awe mwana wa mfalme au mwana wa mvuvi. Mafundisho hayo yalimfaa siku zote.

Alipopata likizo, alipenda kwenda katika milima mirefu iliyo kaskazini mwa Italia. Chini ya milima hiyo kuna kijiji kiitwacho Courmayeur. Watu wa kijiji hicho walikuwa wachungaji na wakulima, lakini wengi wao walikuwa pia viongozi wa wageni milimani. Walijua theluji kama mvuvi wa Uvira ajuavyo mawimbi ya ziwa. Waliitazama rangi yake, wakaisikiliza inapokanyagwa, wakajua kama njia ni salama au kama yafaa kungoja. Luigi Amedeo hakuona haya kufundishwa na watu hao wasio na cheo. Alifungwa kamba moja pamoja nao, naye aliwasikiliza.

3. Katika nchi ya barafu

Mwaka wa 1897 Luigi Amedeo alikwenda mbali sana, kwenye mlima Saint Elias, ulioko kati ya Alaska na Kanada. Yeye na wenzake walitembea majuma mengi juu ya barafu wakivuta mizigo yao. Tarehe 31 Julai 1897 walifika kileleni, penye urefu wa mita 5,489. Walikuwa watu kumi, na wote kumi walifika pamoja wakarudi salama. Mlima huo ulikuwa haujapandwa na mtu kabla yao.

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1899, alisafiri kwa meli iitwayo Stella Polare, maana yake ni Nyota ya Kaskazini. Alitaka kufika ncha ya kaskazini ya dunia. Lakini barafu ya bahari iliibana meli ikaitoboa, hata ikawalazimu kujenga kambi ya hema pwani na kukaa humo wakati wote wa baridi. Katika nchi hiyo jua halichomozi kwa muda wa miezi mingi. Mchana ni usiku, na usiku ni usiku.

Siku moja katika giza hilo, Luigi Amedeo alikuwa nje pamoja na wenzake wakiendesha mbwa wavutao mizigo juu ya theluji. Dhoruba ikawakuta, wakapotea njia. Baridi ikamwingia vidoleni mwa mkono wa kushoto. Vidole viwili viliganda vibaya hata mganga akalazimika kukata ncha zake.

Kwa sababu ya jeraha hilo hakuweza kuongoza safari ya mwisho. Akamtuma rafiki yake, nahodha Umberto Cagni. Cagni na wenzake walitembea juu ya bahari iliyoganda, wakafika kaskazini zaidi kuliko mtu yeyote aliyejulikana hata siku ile. Walirudi kambini baada ya siku 104, wamekonda, wamechoka, karibu kufa njaa. Watu wakashangilia. Lakini kambini mlikuwa na majonzi, kwa maana watu watatu wa kikundi kilichorudishwa mapema hawakuonekana tena. Walitafutwa, lakini hawakupatikana. Mmoja wao, Felice Ollier, alikuwa mmojawapo wa wale viongozi wa Courmayeur.

Hakuna awezaye kuingia moyoni mwa mtu mwingine na kuyasoma yaliyomo. Lakini twajua kwamba Luigi Amedeo alirudi Italia na jina kubwa, na vidole vilivyokatwa, na hesabu ya watu isiyotimia. Mkuu wa safari huhesabu watu wake anapoondoka, tena huwahesabu anaporudi.

4. Mlima Ruwenzori

Mwaka wa 1906 alikuja kwetu Afrika. Alishuka meli Mombasa, akapanda gari la moshi mpaka ziwa Viktoria, akavuka ziwa mpaka Entebbe. Kutoka hapo alikwenda kwa miguu mpaka Fort Portal pamoja na wenzake na mamia ya wapagazi. Mbele yao ulikuwa Ruwenzori, lakini hawakuuona, kwa sababu mlima huo hufunikwa na mawingu karibu siku zote.

Watu wakaao chini ya Ruwenzori huitwa Bakonzo upande wa Uganda, na Banande upande wa Kongo. Ni ndugu, na lugha yao ni moja. Wao walijua zamani sana kwamba juu ya mlima wao kuna theluji, nao waliiita nzururu. Wageni waliposema kwamba wameigundua theluji ya Ruwenzori, Bakonzo walikuwa wameitazama toka enzi za babu zao. Hawakwenda kuikanyaga, kwa maana waliiheshimu kama makao ya Kitasamba, mkuu wa mlima katika imani yao ya zamani.

Wapagazi wa nchi za joto hawakuweza kuvumilia baridi ya huko juu. Bakonzo ndio waliobeba mizigo katika matope na mvua, wakipita katika msitu wa miti yenye kuota ndevu za kuvu. Walizijua njia, tena walijua miamba ambayo mtu aweza kulala chini yake bila kulowa. Chini ya mwamba mmoja wa namna hiyo, mahali paitwapo Bujongolo, Luigi Amedeo aliweka kambi yake. Bila Bakonzo asingefika hata hapo.

Kutoka Bujongolo alipanda pamoja na viongozi wa Courmayeur. Tarehe 18 Juni 1906 walifikia vilele viwili vya juu kabisa. Kilele kimoja akakiita Alexandra, kwa jina la malkia wa Uingereza. Kingine, kilicho kirefu kuliko vyote, akakiita Margherita, kwa jina la malkia wa Italia aliyekuwa mke wa marehemu amu yake. Kilele cha Margherita kina mita 5,109. Katika Afrika nzima ni milima miwili tu iliyo mirefu kupita huo, yaani Kilimanjaro na Kenya.

Karibu na kilele, njia yao ilizuiwa na ukingo wa theluji. Yafaa tueleze maana yake. Upepo ukivuma juu ya mlima, huisukuma theluji kupita ukingo wa mwamba. Theluji hiyo huganda ikaning'inia hewani, kama paa la majani lipitalo ukuta wa nyumba. Atembeaye juu yake hudhani anakanyaga mlima, kumbe chini ya miguu yake hamna kitu. Ukingo ukivunjika, huanguka nao. Na apitaye chini yake aweza kuangukiwa. Viongozi waliuchunguza ukingo ule kwa uangalifu. Mmoja akasimama imara, na mwenzake akapanda juu ya mabega yake mpaka akapata mahali pa kushika. Ndipo wengine wakavutwa kwa kamba.

Kwa muda wa majuma kadhaa walipanda vilele vingine, wakapima urefu wake, wakachora ramani. Mwenzao Vittorio Sella akapiga picha nzuri sana. Picha hizo zatufaa hata leo, kwa maana zaonyesha jinsi barafu ya Ruwenzori ilivyokuwa kubwa mwaka wa 1906. Tangu siku zile dunia imezidi kupata joto, na sehemu kubwa ya barafu hiyo imeyeyuka.

5. Jinsi theluji inavyoporomoka

Kabla ya kuendelea, yatupasa kufahamu sababu ya theluji kuporomoka. Chukua ungo, utie unga mkavu, kisha uinamishe polepole. Mwanzo unga hautembei. Uinamishe tena kidogo, bado umetulia. Uinamishe mara ya tatu, na ghafula unga wote huteremka pamoja. Ndivyo ilivyo theluji mlimani. Mahali palipo tambarare haiporomoki. Penye ukuta wima haikai. Hatari kubwa iko pale penye mteremko mkali wa kadiri, ambapo theluji nyingi hupata mahali pa kulala, lakini hailali kwa nguvu.

Tena theluji haianguki siku moja tu. Huanguka leo, ikaganda juu yake, kisha huanguka nyingine juma lijalo, hata ikawa tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyopangwa. Tabaka moja likiwa dhaifu, yale ya juu yake hayana mshiko. Dhoruba ikija, huleta theluji mpya, nzito, kwa saa chache tu. Upepo nao huichota theluji upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili. Ndiyo maana siku ya dhoruba, na siku zinazoifuata mara moja, ndizo siku za hatari kupita zote. Wakati huo uzito wa mtu mmoja watosha kulivunja tabaka. Mlima hutoa sauti nzito, ufa mrefu huonekana, na theluji yote huondoka.

Poromoko kubwa hukimbia kuliko gari liendalo mbio katika barabara ya lami. Mtu akifunikwa, theluji humshika pande zote kama udongo wa kaburi, asiweze kuinua hata mkono. Wenzake wakimfukua katika robo saa ya kwanza, mara nyingi hupona. Wakikawia zaidi, tumaini hupungua upesi sana.

Kwa hiyo watu wa milimani wana desturi zao. Huondoka kabla ya mapambazuko, wakati theluji ingali imeganda, ili wamalize njia ya hatari kabla jua halijailegeza. Katika mteremko wa mashaka hupita mmoja mmoja, wengine wakitazama. Wakiona poromoko jipya karibu, hawapiti mahali pafananapo napo. Na dhoruba ikija, hawasongi mbele. Hungoja, au hurudi.

6. Kilele ambacho hakukifikia

Mwaka wa 1909 Luigi Amedeo alikwenda Asia, katika milima ya Karakoram, ambayo siku hizi sehemu yake imo katika nchi ya Pakistani. Huko upo mlima K2, wenye mita 8,611, mlima wa pili kwa urefu duniani. Aliujaribu kwa njia mbalimbali, lakini mlima ulimshinda. Njia moja aliyoijaribu yaitwa kwa cheo chake, njia ya Abruzzi, nayo ndiyo iliyofuatwa na Waitalia waliofika kilele cha K2 mara ya kwanza mwaka wa 1954.

Baada ya kushindwa na K2, akageukia mlima mwingine wa karibu, uitwao Chogolisa. Mlima huo ni mweupe tangu chini hata juu. Theluji ilianguka siku nyingi. Katika hema zao walisikia mara kwa mara ngurumo kama ya radi, lakini haikuwa radi. Ilikuwa theluji ikiporomoka kutoka milima iliyowazunguka. Walipanda, dhoruba ikawarudisha. Wakangoja. Wakapanda tena.

Tarehe 18 Julai 1909, Luigi Amedeo na viongozi watatu walikuwa juu sana. Walifika karibu mita 7,500. Hakuna mpanda milima aliyekuwa amefika juu hivyo kabla yao, wala hakuna aliyewapita mpaka mwaka wa 1922. Walipumua kwa shida, kwa maana hewa ya huko ni haba, nao hawakuwa na hewa ya chupa. Kilele kilikuwa mbele yao. Kwa kwenda juu, zilibaki kama mita 150 tu.

Hapo ukungu ukawafunika. Upande mmoja wa njia ulikuwa ukingo wa theluji uning'iniao, kama ule tuliousema habari zake. Upande wa pili ulikuwa mteremko mkali wenye theluji mpya, nzito, laini. Wakienda huku, ukingo waweza kuvunjika. Wakienda huku, theluji yaweza kuporomoka. Kupita katikati kulitaka macho, na katika ukungu macho hayakufaa kitu. Wakakaa penye miamba wakangoja saa mbili, ukungu upate kufunguka. Haukufunguka.

Fikirini, watoto, saa mbili hizo. Mtu huyu alitoka Italia, akavuka bahari, akatembea miezi, akatumia mali nyingi. Magazeti ya Ulaya yalingoja habari zake. Kilele kilikuwa karibu, kama umbali wa kupanda kilima kimoja cha nyuma ya kijiji. Viongozi wake walikuwa watu hodari, nao wangemfuata. Lakini hao walikuwa na jamaa zao Courmayeur, na yeye alijua maana ya kurudi na hesabu isiyotimia.

Akaamua kurudi. Wakashuka wote wanne, hatua kwa hatua, wakafika kambini wazima.

Je, alifanya kwa woga? Sikilizeni habari nyingine, mkahukumu wenyewe. Miaka 48 ikapita. Mwezi wa Juni 1957 alikuja kwenye mlima ule ule Mwaustria mmoja jina lake Hermann Buhl, pamoja na mwenzake Kurt Diemberger. Buhl alikuwa mmoja wa wapanda milima mashuhuri kuliko wote wa wakati wake. Nao pia walikuwa juu, karibu na kilele. Nao pia dhoruba iliwakuta. Waligeuka washuke, lakini hawakuwa wamefungwa kamba pamoja. Katika ukungu Buhl aliiacha njia kidogo tu, akakanyaga ukingo wa theluji. Ukingo ukavunjika. Diemberger alipogeuka, hakumwona mwenzake, aliona nyayo zake zikiishia penye ukingo uliokatika. Mwili wa Buhl haukupatikana. Mwaka uliofuata, 1958, Wajapani walikifikia kilele hicho hali ya hewa ilipowaruhusu. Mlima ulikuwa bado upo. Mlima hungoja. Mtu aliyekufa harudi kuujaribu tena.

7. Mwisho wa maisha yake

Luigi Amedeo hakujaribu tena milima mirefu namna hiyo. Katika vita kuu ya kwanza alikuwa mkuu wa meli za vita za Italia mpaka mwaka wa 1917. Wakati huo meli zilivusha bahari ya Adriatiki askari wa Serbia waliokuwa wamefukuzwa nchini mwao, zaidi ya watu laki moja, wengi wao wakiwa wagonjwa na wenye njaa.

Baada ya vita alihamia Somalia, akaanzisha kijiji na mashamba ya pamba, ndizi na miwa kando ya mto Shabelle, mahali paitwapo leo Jowhar. Yatupasa kusema kweli yote. Somalia ilikuwa chini ya utawala wa Waitalia, na katika mashamba ya wageni Wasomali wengi walifanya kazi ngumu ambayo hawakuichagua wenyewe. Mtu aweza kuwa na busara mlimani, na huku ana sehemu yake katika makosa ya wakati wake.

Alipopatwa na ugonjwa usioponyeka, aliondoka tena Italia akarudi Somalia ili afie huko. Akafa tarehe 18 Machi 1933, mwenye umri wa miaka 60, akazikwa karibu na mto Shabelle, katika nchi isiyojua theluji.

Watoto, sisi wa Runingu hatutapanda Chogolisa. Lakini kila mwaka mvua kubwa huja, na kila mwaka yuko mtu asemaye kwamba ataweza kuvuka mto uliojaa, kwa kuwa nyumbani ni karibu na ng'ambo aona moshi wa jiko lake. Yuko mwingine akaaye chini ya mteremko wenye nyufa, kwa kuwa jana haukuanguka. Huyo na akumbuke wale watu wanne waliokaa penye miamba katika ukungu, kilele kikiwa karibu. Kwenda mbele kwataka nguvu ya miguu. Kurudi nyuma, wakati watu wote wakungoja ushinde, kwataka nguvu ya moyo. Haraka haraka haina baraka, walisema wazee wetu, nao hawakuwa waoga.

Maswali

1. Theluji yafanana na nini, na yatofautianaje na mvua ya mawe?
2. Kwa nini wengine walishangilia na wengine walihuzunika baada ya safari ya kaskazini?
3. Bakonzo walimsaidiaje Luigi Amedeo katika mlima Ruwenzori?
4. Kwa nini siku ya dhoruba na siku zinazoifuata ni za hatari mlimani?
5. Ukingo wa theluji ni nini? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.
6. Tarehe 18 Julai 1909 Luigi Amedeo aliona hatari gani mbili? Akafanya nini?
7. Waulize wazee wa kwenu: katika kijiji chetu ni mahali gani pa hatari wakati wa mvua nyingi, na yafaa kufanya nini? Andika majibu yao katika daftari.